Wawili watatu wamechafua jina la kikundi: mpime, mlipe wote, mtangaze au mfukuze?

Juzi mdogo wangu kanipigia kutoka Igurusi, sauti imepanda mpaka nikatoa simu sikioni. Kikundi chao cha mchele kimekataliwa mzigo. Kuna watu, na anawajua kabisa, walichanganya SARO 5, mbegu nyingine ya mpunga, kwenye magunia ambayo mnunuzi aliambiwa ni Supa tupu, ule mchele wa kunukia, sasa mnunuzi naye sio mtoto, kafungua magunia matatu, kachota kidogo kidogo, kaenda kwa mama ntilie akaomba apikiwe palepale, harufu ya Supa hamna. Akakataa lori zima. Sio kwamba SARO ni mbaya jamani, inazaa kuliko Supa ndo maana watu wanailima, ila mtu aliyelipia harufu ya Supa ukimpa kitu kingine umemwibia tu.

Sasa kikundi kimepasuka. Vijana wanataka waliohusika wafukuzwe leo leo, wengine wanataka waende redioni wakaseme sio wote, wazee wanasema tunyamaze, yatapita. Akaniuliza, kaka, nyie kwenye maziwa mlifanyaje? Nikamtumia voisi ya dakika kumi na moja. Akajibu, andika, niko shambani siwezi kusikiliza hotuba. Haya, nimeandika, na kwa kuwa najua sio wao peke yao nimeona niiweke hapa na wengine msome.

Mi haya mambo nimeyapitia mara mbili. Nimekuwa bodaboda Mbeya mjini, kijiwe maeneo ya Mafiati, baadaye nikarudi nyumbani Rungwe, saivi nina ng'ombe wawili na niko kwenye kikundi cha maziwa. Kote kote jina liliharibiwa na watu wasiofika watano, na kote kote tulianza na njia isiyofaa kabla ya kupata inayofaa.

Kitu ambacho naona watu wanakiruka ni hiki: mnunuzi wenu anawaona mmoja mmoja au anawaona mmeshachanganywa? Abiria wa boda anamwona mtu, sura yake, pikipiki yake, pleti namba yake. Akipigwa bei anajua kapigwa na nani, hata kama akifika nyumbani atasema "boda wa Mafiati wote matapeli". Maziwa sio hivyo. Lita zangu sita na za jirani yangu zikishamiminwa kwenye tenki moja hakuna wa kuzitenganisha tena, maji ya mmoja ni maji yetu wote. Mchele uko katikati, gunia unaweza kuliwekea alama, ila mkishamwaga kwenye lundo moja pale mashineni mmekuwa tenki.

Jibu la hilo swali ndo linaamua nusu ya mambo.

KUPIMA MLANGONI

Hii ndo tunatumia kwenye maziwa na ndo naijua vizuri kwahiyo mnivumilie. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu hivi, ukungu bado umelala, watu wanashuka na ndoo zao. Mpimaji anakoroga kwanza (yakikaa usiku mafuta yanapanda juu, usipokoroga unapima uongo), anamimina kwenye silinda, anaachia laktomita (kile kipimo cha kuelea, maziwa yakitiwa maji namba inashuka), inayumba inatulia, anasoma. Maziwa yenye afya yanasoma kwenye 28 mpaka 32, chini ya 26 unaanza kuulizwa maswali. Halafu kuna cha spiriti, maziwa na spiriti nusu kwa nusu kwenye kikombe kidogo, yakikatika vipande vipande yameanza kuchacha, rudi nayo nyumbani.

Uzuri wake hakuna anayetuhumiwa. Wote wanapimwa, mwenyekiti anapimwa, mke wa mchungaji anapimwa. Kabla ya hapo tulikuwa na maneno ya pembeni tu, "yule lita zake zinaongezeka mvua ikinyesha", mtu anachekwa mgongoni mwaka mzima na hakuna ushahidi hata wa kijiko.

Ubaya wake, kipimo kinaweza kumwonea mtu. Kuna mama mmoja anakaa karibu kabisa na kituo, anakamua anakuja hapohapo, maziwa bado yana joto la ng'ombe. Yakasoma 25. Watu wakaanza kuangaliana, si unajua. Mama wa watu machozi yakamlenga, anasema mi nimekamua mbele ya watoto wangu. Bahati alikuwepo mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya maziwa huko nyuma, akasema, "Mama tulia, weka ndoo kwenye maji ya baridi hapo, tukae robo saa." Tukakaa. Yakapoa, akapima tena, 28. Laktomita yetu imetengenezwa kusoma kwenye nyuzi 20, maziwa ya moto yanasoma chini, sisi tulikuwa hatujui, na kama yule mzee angekuwa amelala siku ile tungekuwa tumemchafua mtu safi ili kulinda jina la kikundi. Siku hizi mtu akisoma chini hatuandiki chochote mpaka yapoe, na yakikataa tena tunaenda zizini kwake jioni, anakamua tunaona kwa macho, tunapima palepale. Ng'ombe hawezi kutia maji.

Na kinadanganywa pia. Mjanja anaengua mafuta ya juu, namba inapanda, halafu anatia maji, namba inashuka inarudi palepale kwenye 29, laktomita inasema safi kabisa. Kwahiyo ukiwa na kipimo kimoja tu, baada ya muda wale wachache wanajifunza kukifurahisha.

Kwa ukubwa wake hilo lilitokea China mwaka 2008. Maziwa ya wafugaji yalikuwa yanapita vituo vya kukusanyia, yanatiwa maji, na ili kipimo cha protini kisishtuke wakawa wanatia melamini, kemikali ya mambo ya plastiki, kwa sababu ina naitrojeni nyingi na kile kipimo kilikuwa kinahesabu naitrojeni tu, basi. Watoto 6 walikufa, karibu laki tatu waliugua. Mfugaji mwenye ng'ombe watatu huko ambaye hata hajawahi kusikia hilo neno melamini, soko likamfia na yeye. Na jina halikurudi mwaka uliofuata wala ule mwingine, mwaka 2013 bado wazazi wa China bara walikuwa wanakomba maziwa ya watoto Hong Kong mpaka serikali ya kule ikaweka sheria mtu asitoke na zaidi ya kilo 1.8, makopo mawili.

KUNYAMAZA, ambayo wazee wa Igurusi wanaipenda

Nitasema haraka. Kwenye hiyo hiyo ya China, malalamiko ya wazazi yalianza kuifikia Sanlu, kampuni iliyokuwa inauza yale maziwa ya watoto, mwishoni mwa 2007, watu wakajua hadharani Septemba 2008. Hiyo miezi yote ya katikati ndo iliyowaua. Kunyamaza kunafaa kama kosa ni dogo, mnunuzi hajaumia, na nyie mmeshalirekebisha ndani. Kama mnunuzi ndo kaligundua mwenyewe kwenye sufuria ya mama ntilie, mnamnyamazia nani sasa?

KULIPA WOTE

Yaani kosa la mmoja, hasara wanabeba wote. Kabla hatujapata laktomita tulifanya hii. Tenki likirudi, siku ile hakuna anayelipwa, awe ametia maji au hakutia. Hatukuipanga kwa akili, mnunuzi ndo aliilazimisha, ila tukaigeuza kuwa sheria yetu.

Inafanya kazi, siwezi kudanganya. Majirani walianza kuchungana kwa namna ambayo hakuna kamati ingeweza. Mtu akipita na ndoo mtoni anaulizwa "shemeji, unaenda kufanya nini huko?" Huku kwetu hii ni kitu ya zamani kuliko vikundi. Monica Wilson, yule mama wa anthropolojia aliyekaa Unyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika habari ya pumzi ya watu, kwamba majirani wakimnung'unikia aliyekosea, yale manung'uniko yanamwingia kama baridi, anaumwa mpaka akubali kosa na apatane nao. Uamini usiamini, ukikaa kijijini ambako kila mtu anajua kila mtu kanywa chai saa ngapi, ile baridi unaisikia.

Lakini tuliiendesha kama miezi miwili na waliotuacha sio wale wezi. Walioondoka ni wale wasafi, wale wenye maziwa mazuri na mengi, wakasema mi silipi dhambi ya mtu, wakaanza kuuza kwa wateja wao wenyewe mjini Tukuyu. Tukabaki na wenye lita mbili mbili na wale wenye mikono michafu. Hapo ndo nilielewa kwamba ukiadhibu wote kwa muda mrefu, unawapa watu wazuri sababu ya kuondoka.

Na mjini haifanyi kazi kabisa. Kijiweni tulijaribu kuchangishana faini, kila mtu elfu elfu, kwa kosa la jamaa mmoja. Wiki ile ile watatu wakahamia kijiwe kingine. Pikipiki ina magurudumu bwana.

KUTANGAZA "SIO WOTE"

Hii nina hasira nayo kidogo. Kijiweni kwetu kuna abiria, dada mmoja, aliporwa pochi na simu na mtu aliyekuwa anapaki na sisi. Yaani sio wa kuja, tulikuwa tunakula naye. Viongozi wakaandika tamko, tunalaani vikali, bodaboda sio wahalifu, wachache wasituchafue, likasomwa redioni. Matokeo yake watu ambao walikuwa hawajasikia habari ya pochi wakasikia siku ile, na wakasikia na jina la kijiwe vizuri kabisa. Abiria asubuhi wanatupita wanaenda kupanda bajaji.

Ukiangalia, tamko lile lilikuwa linatuhusu sisi. Sisi tunaumia, sisi tunachafuliwa. Yule dada hakuwemo hata kwenye sentensi moja.

Kilichobadilisha mambo ni mzee mmoja wa kijiwe, mkongwe, alituambia "vijana acheni redio, yule binti ana simu?" Hana. Tukachanga, wanne wakaenda kwao, mama yake kawafungulia mlango na uso wa mbao, wakasalimia, wakakaa, wakasema mama aliyefanya hivi ni wa kwetu, tumempeleka polisi, na hii ni simu, sio ile ile lakini inapiga. Hawakusema sio wote. Yule mama anauza nguo za mtumba pale Kabwe, na mnajua mtu wa sokoni akiwa na habari inavyosambaa. Wiki mbili baadaye kuna abiria ananiambia "nasikia nyie ndo mliolipa simu". Hatukumlipa mtangazaji hata shilingi.

Kwahiyo kama mtatangaza, tangazeni mlichofanya na kama mmeshakifanya. Vinginevyo hela ya tangazo mpeni aliyeumia.

NAMBA NA NEMBO

Baada ya pale ndo tukaweka namba. Reflekta zenye namba kubwa mgongoni, daftari kwa mwenyekiti lenye namba, jina, picha, nakala ya leseni na namba ya mdhamini. Abiria hakumbuki sura usiku, ila 17 anakumbuka. Malalamiko yakaanza kuja "namba 9 kanipandishia bei" badala ya "nyie boda". Hilo badiliko dogo la maneno ndo jina lenyewe hilo. Kwa kazi ambayo mteja anakutana na mtu mmoja mmoja sijaona njia nzuri kuliko hii, na ni rahisi.

Kwenye bidhaa, namba inakuwa nembo, na hapo kuna shida yake. Angalia mchele wa Kyela. Jina kubwa nchi nzima, na ndo maana kila mwenye duka la mchele Dar anaandika Kyela hata kama gunia halijawahi kuliona ziwa. Waliochafua jina la Kyela wengine sio wa Kyela kabisa, utawafukuza kwenye kikundi gani? Hapo kupima wanachama wenu hakutoshi, inabidi mnunuzi awe na namna ya kutambua gunia lenu na lisilo lenu. Nembo mnaweza kuisajili BRELA, wale wa serikali wanaosajili biashara, mara ya kwanza inadumu miaka 7, baada ya hapo mnahuisha kila miaka 10, na mtu akiitumia bila ruhusa mna pa kumshikia. Ila nembo kwenye mchele uliochanganywa ni kujichongea kaburi, mnamrahisishia mnunuzi kukumbuka nani wa kumkwepa. Safisheni ndani kwanza.

KUFUKUZA

Vijana wanaipenda kwa sababu inaonekana. Shida ni mbili. Ya kwanza, mtu aliyefukuzwa haondoki duniani. Jamaa wa kwetu kijiweni (mwingine, sio wa pochi) tulimfukuza Jumatatu, Jumanne kasimama hatua mia mbili mbele, na reflekta yetu mgongoni. Hatukukumbuka kumnyang'anya! Kwahiyo akikosea bado ni sisi. Ukifukuza chukua alama zote, futa namba, waambie wateja namba hiyo imefutwa.

Ya pili, ukiwa na adhabu moja tu kubwa hutaitumia. Kwenye maziwa kanuni ya kwanza ilisema ukitia maji unafukuzwa. Nzuri kwenye karatasi. Alipokamatwa mtu, kumbe ni mjomba wa katibu, ana watoto shule, basi tukamezea, na aliyefuata akasema mbona yule mlimezea. Afisa ushirika alipokuja akatuambia habari ya Elinor Ostrom, mama wa Marekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliyechunguza watu wa mifereji ya umwagiliaji, misitu na uvuvi sehemu nyingi, akakuta vikundi vinavyodumu huwa vinaadhibu kwa ngazi, unaanza kidogo unapanda. Tukabadilisha: mara ya kwanza maziwa yanarudi na inaandikwa, ya pili faini na kupimwa zizini, ya tatu unakaa nje mwezi, ya nne mkutano mkuu unaamua. Tangu hapo adhabu zinatolewa kweli, kwa sababu hakuna anayeogopa kumwandika mjomba kwenye daftari kwa kosa la kwanza.

Wizi, kupiga watu, sumu kwenye chakula, hizo hazina ngazi, ni polisi siku hiyo hiyo. Kuna vikundi vinataka kuyamaliza "kindugu" mambo ya jinai, msifanye hivyo, mkimficha mmoja mmekuwa wote.

NIKIZIWEKA PAMOJA

Kwa gharama, kunyamaza na tamko ni bei chee siku ya kwanza na ndo zinazouma baadaye. Kupima kunataka kifaa na mtu wa kuamka saa kumi na moja kila siku ya Mungu, na huyo mtu mlipeni, wa kujitolea anachoka mwezi wa pili. Kwa haraka, kumlipa aliyeumia kunashinda zote. Kwa kijijini, kulipa wote kunafaa kama dharura ya wiki mbili tatu wakati mnatafuta kipimo, usizidishe. Kwa kazi za mtu na mtu, boda, bajaji, mafundi, wabeba mizigo, mabinti wa kazi kutoka Iringa na Njombe ambao mmoja akiiba kule Dar wanasemwa wote, namba na mdhamini. Kwa vitu vinavyochanganywa, kipimo kabla ya kuchanganya, tena viwili sio kimoja.

Kwa mdogo wangu nimemshauri hivi. Kwanza wamrudie yule mnunuzi kabla hajaongea na wenzake, wasimwambie sio wote, wamwambie magunia yaliyochanganywa tutayatoa wenyewe na gharama ya lori ya safari ile tunabeba sisi. Pili, kila gunia liwe na namba ya mwanachama, na wasimwage lundo moja tena mashineni hata kama inachelewesha foleni. Tatu, wale waliochanganya waanzie ngazi ya kwanza kama wengine wote, maana kanuni ya kufukuza hawakuwa nayo kabla, huwezi kutunga sheria leo ya kosa la juzi.

Na kipimo cha mchele wao ni kile kile alichotumia mnunuzi. Kila mzigo wa mwanachama unachotwa kikombe, unapikwa kwenye sufuria yake, juu ya sufuria kuna namba sio jina, watu watatu wananusa na kuonja, wanaandika. Harufu ya Supa hamna, mzigo unauzwa kama SARO kwa bei ya SARO, hakuna ugomvi.

Kanijibu jana usiku. Kasema wazo zuri, mkutano umekubali, ila wamekwama kwenye nani atakuwa anapika sufuria arobaini, maana wanaume wote waligeuka kumwangalia yeye. Nimemwambia zamu, na mwenyekiti aanze.